Injini ya boti iliyokaa muda mrefu: tuanzie wapi kutafuta ubovu

Kila mwaka kusi inapokolea, kati ya Juni na Agosti, boti nyingi ndogo za Mikindani, Shangani na Msimbati, mkoani Mtwara, huvutwa nchi kavu zikafunikwa kwa makuti au turubai, na wenyewe wakahamia mashambani kupulizia salfa mikorosho. Upepo ukitulia, mtu hurudi pwani, huondoa turubai, huunganisha mpira wa mafuta na kuanza kuvuta kamba. Akivuta mara thelathini bila injini kuitika, huita fundi. Na fundi akifika, mara nyingi hukuta plagi zimeloa, kamba inataka kukatika, na chanzo chenyewe cha ubovu kimefichwa na ubovu mwingine uliotengenezwa asubuhi hiyohiyo.

Maelezo haya yanahusu injini za kupachika za tustroki, yaani zinazochoma petroli iliyochanganywa na oili, zenye kabureta, za nguvu ya farasi 15 hadi 40, za aina ambayo bado inaonekana sana kwenye boti kuukuu za faiba na za mbao. Injini inayofanya kazi kila siku huharibika zaidi kwa kuchakaa, lakini ile inayokaa miezi minne au mwaka mzima bila kuguswa huharibika kwa vitu kukauka, kuganda na kuota kutu. Kwa sababu hiyo hata utaratibu wa kuitafutia ubovu ni tofauti: tunaanza na kile kinachoharibika kwa kukaa, yaani petroli, kisha cheche za plagi na njia ya maji, na mwisho kabisa ndipo tunapozifikiria pistoni na ringi. Jambo jingine la kushika ni kurekebisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kujaribu, kwa sababu aliyebadilisha plagi, mafuta na koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche) kwa pamoja hatajua kilichoponya injini, na mwakani ataanza upya gizani.

Kabla ya kushika kamba

Fungua kifuniko cha juu na utazame kwa utulivu. Panya hupenda kulala humo, na wakilala hutafuna nyaya. Mahali palipotafunwa pakiguswa na chuma cha injini, cheche zote hupotea. Tazama pia unga mweupe wa chumvi kwenye viungo vya nyaya, ufute kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kisha ukaushe vizuri kabla ya kuendelea.

Ng'oa plagi zote, weka gia kwenye nyutro, kisha zungusha flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini, taratibu kwa mkono kufuata mwelekeo wa saa. Usizungushe kinyume, maana mabawa ya mpira ya pampu ya maji yamejikunja upande mmoja na yanaweza kuvunjika. Flaiwili ikizunguka bila kukwaruza, shukuru na uendelee. Ikigoma, mimina kijiko kimoja au viwili vya oili ya tustroki katika kila tundu la plagi, uiache injini mpaka kesho yake, kisha ujaribu tena kwa upole. Ringi zilizoshikana kidogo kwa kutu huachia kwa njia hiyo baada ya siku moja au mbili. Zisipoachia, kazi hiyo si ya pwani tena, ni ya gereji, na kuning'inia kwenye kamba ukiwa na vijana wawili nyuma yako kutavunja tu kile ambacho bado kilikuwa kizima.

Mwisho wa hatua hii, angalia swichi ya kuzimia na klipi yake nyekundu. Ni jambo dogo linaloaibisha watu wazima. Klipi ikiwa haipo mahali pake, injini haitatoa cheche hata ungevuta mpaka magharibi, na kwenye boti nyingi kuukuu klipi ilishapotea zamani, pakabaki kipande cha kijiti au uzi uliofungwa kienyeji. Kijiti hicho kikinywea kwa kukauka, swichi hurudi kwenye hali ya kuzima bila mtu kujua.

Petroli ya tangu masika

Hapa ndipo penye ubovu mwingi kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo nitakaa kidogo. Petroli iliyokaa miezi mingi katika joto la pwani hupoteza sehemu yake nyepesi, ile inayowaka upesi, na kubaki na sehemu nzito inayogeuka kuwa kitu kama ulimbo. Utaitambua kwa rangi iliyokolea na harufu inayofanana na vanishi ya seremala. Pamoja na hayo, dumu lisilojaa huvuta hewa yenye unyevu, na unyevu huo hugeuka usiku kuwa matone ya maji yanayozama chini, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha, ioshe na kuikausha, kisha mimina mafuta kutoka chini kabisa ya tangi na uyaache yatulie kwa dakika kumi kivulini. Ukiona mstari unaotenganisha rangi mbili, au matone yanayobingirika chini kama zebaki, hayo ni maji. Mafuta ya namna hiyo, au yenye harufu ya vanishi, yasitiwe kwenye injini hata kwa kuchanganywa na mapya. Yasimwagwe mchangani wala baharini, na yasipelekwe jikoni. Yahifadhiwe kwenye dumu lililoandikwa, mbali na nyumba, mpaka upate mahali panapopokea mafuta machafu.

Kuna kosa moja ambalo huku kwetu linatokea kwa urahisi kwa sababu ya korosho. Mashine nyingi za kupulizia mikorosho nazo ni za tustroki na hutumia petroli iliyochanganywa na oili, hivyo mtu anaporudi kutoka shambani na lita tano zilizobaki huona si vibaya kuzimalizia kwenye boti. Mchanganyiko huo si lazima uwe sawa. Injini nyingi za kupachika hutumia sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 400 kwa lita 20, ilhali baadhi ya injini za zamani zaidi hutaka moja kwa 25, yaani mililita 800 kwa lita zilezile 20. Aidha, mashine ya kupulizia hupozwa kwa upepo na ya boti hupozwa kwa maji, na oili zake zimetengenezwa kwa joto tofauti. Oili inayofaa injini ya boti huwa na maandishi TC-W3 kwenye kopo. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu au kibandiko cha injini yako, na kama kibandiko kimefutika, muulize fundi anayeijua aina hiyo kabla ya kukisia. Kuzidisha oili kutakuletea moshi na plagi chafu. Kuipunguza kutakuletea pistoni iliyokwama.

Mafuta yakiwa mapya, fuata njia yake kutoka tangini hadi kwenye kabureta. Legeza tundu la kupumulia lililo juu ya kifuniko cha tangi. Bonyeza pampu ya mkono, lile puto la mpira katikati ya bomba, mpaka liwe gumu. Lisipokuwa gumu hata baada ya kubonyezwa mara ishirini, kuna mahali linavuta hewa, au vali zake za ndani zimekauka, au sindano ya kabureta imekwama ikiwa wazi na mafuta yanafurika, jambo ambalo utalitambua kwa kuona petroli ikidondoka kutoka kwenye kabureta. Likibonyea na kubaki limenywea kama chupa iliyofyonzwa, kizuizi kiko nyuma yake, upande wa tangi.

Hilo la mwisho nilijifunza nikiwa njiani kutoka Mikindani kwenda Msimbati pamoja na baba mdogo. Injini ilikwenda vizuri kwa dakika kumi, ikazima. Tukapumzika, ikawaka, ikaenda dakika kumi nyingine, ikazima tena. Mimi nilikuwa nimekwisha kutoa plagi na kuanza kulaumu koili. Baba mdogo, aliyekuwa amekaa mbele akiangalia maji, alinyoosha mkono akaligusa puto, akaliona limenywea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, lile tundu la tangi umelifungua?" Sikuwa nimelifungua. Tangi lilipopumua, lilitoa mlio mrefu wa kunyonya hewa ambao nausikia mpaka leo.

Ikiwa mafuta yanafika lakini injini imekaa na petroli ya zamani ndani ya kabureta, fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta na uyakinge yatokayo. Yakitoka machafu, yenye unga au ulimbo wa kijani, kabureta lazima ifunguliwe. Piga picha kwa simu kila hatua kabla ya kutoa kitu, na ufanyie kazi juu ya sinia ili skrubu ndogo zisipotelee mchangani. Toa bakuli, boya na sindano, kisha jeti, ambazo ni vijiti vya shaba vyenye vitundu vyembamba. Zisafishe kwa petroli safi au dawa ya kusafishia kabureta, na uzipulize kwa upepo wa pampu. Usizichokonoe kwa waya wa chuma, kwani kitundu kikipanuka hata kidogo kipimo cha mafuta kinabadilika moja kwa moja. Ukiinua jeti kuelekea angani, unapaswa kuona duara safi la mwanga. Ukiona nusu duara, bado kuna ulimbo.

Cheche

Baada ya mafuta kuthibitika, vuta kamba mara tano au sita plagi zikiwa mahali pake na mguu wa injini ukiwa ndani ya maji, isije ikawaka kavu, kisha uzing'oe na kuzitazama. Plagi kavu maana yake mafuta hayafiki kwenye silinda, hivyo rudi nyuma. Plagi iliyoloa maana yake mafuta yanafika lakini hayawaki, au yamezidi. Yakiwa yamezidi, kausha plagi, zirudishe, ondoa choki (kizuia hewa cha kuwashia), fungua mkono wa mafuta wote, na uvute mara kadhaa ili hewa isafishe silinda.

Kupima cheche, kwanza funga mafuta, lisogeze dumu mbali, na uache mvuke wa petroli upeperuke. Ivike plagi kofia yake, gusisha mwili wake wa chuma kwenye injini mbali na tundu la plagi, ukiishika kwa koleo lenye mpira, na mwenzako avute kamba. Fanya hivyo kivulini, maana kwenye jua la saa sita hata cheche nzuri haionekani. Cheche yenye nguvu ni ya samawati na hutoa mlio mkali. Ile ya rangi ya machungwa inayokatika ni dhaifu. Ikikosekana kwenye silinda moja tu, badilishana plagi za silinda hizo mbili: ubovu ukihama na plagi, nunua plagi mpya yenye namba ileile, ukibaki palepale, tazama kofia, waya na koili ya upande huo. Ikikosekana kote, rudi kwenye swichi ya kuzimia na nyaya zake kabla ya kutumia fedha kwa kifaa chochote. Injini za zamani sana zenye platini, yaani vidonge viwili vinavyogusana na kuachana ili kutoa cheche, huota ukungu wa kutu kwenye vidonge vyake, na karatasi ngumu safi ikipitishwa katikati yake mara nyingi hutosha.

Mafuta yakiwa mazuri na cheche zipo, lakini injini bado imenyamaza, ziba tundu la plagi kwa kidole gumba wakati mwenzako anavuta kamba. Plagi za silinda zote ziwe zimetolewa na swichi iwe kwenye kuzima. Mgandamizo mzuri husukuma kidole kikatoka. Silinda moja ikisukuma na nyingine ikipuliza tu kama kinywa cha mtoto, ringi au gasketi zimekwisha, na hapo umefika kwenye mipaka ya kazi ya nyumbani.

Njia ya maji

Usiiwashe injini ikiwa haina maji, hata kwa kujaribu kidogo. Bawa la mpira la pampu ya maji, ambalo mafundi huliita impela, hulainishwa na maji yenyewe, na likizunguka kavu huungua kwa muda mfupi sana. Iwekee pipa lililokatwa, na maji yake yapite juu ya bati bapa lililo juu ya pangaboi. Usiingize gia ikiwa ndani ya pipa.

Injini ikiwaka, angalia nyuma kijito cha maji kinachorushwa nje, kile ambacho wavuvi husema ndipo inapokojoa. Kisipotoka katika nusu dakika, zima. Kwa injini iliyokaa, cha kwanza kushuku si pampu, bali nyigu. Nyigu wa udongo hukipenda sana kitundu kile, hukijaza udongo na kutaga humo. Kipande cha mshipi mnene wa kuvulia kikiingizwa taratibu hukizibua vizuri kuliko waya. Baada ya hapo tazama matundu ya kuingizia maji kwenye mguu wa injini, ambayo huzibwa na mwani, mchanga au mfuko wa plastiki.

Ikiwa bado maji hayatoki, impela inahitaji kubadilishwa, na hata yakitoka, impela iliyokaa zaidi ya miaka miwili isiaminiwe, kwa sababu mabawa yake hujikunja na kubaki hivyo. Kazi yenyewe inahitaji kushusha mguu wa injini, na kigumu chake ni bolti zilizokaa kwenye chumvi. Zimwagie mafuta ya kupenya kutu, ziache zinywe usiku mzima, na ukizifungua uende mbele kidogo na nyuma kidogo badala ya kulazimisha, maana bolti ikikatikia ndani itakugharimu kuliko impela yenyewe. Unaporudisha impela mpya, ipake grisi, usikisahau kijichuma kidogo kinachoifunga kwenye shafti, na uizungushe kufuata mwelekeo wa saa inapoingia ili mabawa yote yalale upande mmoja.

Inawaka, lakini haina raha

Injini inayowaka na kuzima kila unapopunguza mafuta huwa na jeti ndogo ya kabureta iliyoziba. Inayotembea vizuri polepole lakini inakufa ukiongeza mafuta huwa na njaa, na sababu ni filta chafu, mpira wa mafuta uliobabuka kwa ndani au jeti kubwa. Inayotetemeka na kukosa nguvu huenda inatumia silinda moja. Ukichomoa kofia ya plagi moja baada ya nyingine kwa koleo lenye mpira, ile isiyobadili mlio ndiyo iliyolala. Na ile inayolia kwa nguvu boti ikiwa imesimama, tatizo si injini bali mpira wa ndani wa pangaboi umeteleza au pini yake imekatika.

Ukiwa huko chini, ng'oa pangaboi utazame shafti. Mshipi wa nailoni ukijizungusha hapo hukata sili, na maji ya bahari huingia kwenye gia. Fungua skrubu ya chini ya gia kidogo tu na uache oili idondoke: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia, na sili zibadilishwe kabla ya safari yoyote.

Jaribio la kwanza baharini

Injini iliyowaka ndani ya pipa bado haijathibitika, kwa sababu haikubeba mzigo. Ijaribu ndani ya ghuba, siku ya maji mafu, na uanze maji yakiwa yanajaa, ili ikizima yakurudishe ndani badala ya kukutoa. Kwa aliye Mikindani hiyo ni tofauti kubwa, kwani maji yanapokupwa hutoka kwa kasi kwenye mlango wa ghuba, na nje kuna mkondo wa pwani unaoelekea kaskazini mwaka mzima. Aliye Lindi ajaribu upande wa ndani, kati ya mji na Kitunda, asiukaribie mdomo wa ghuba. Beba kasia, nanga yenye kamba ya kutosha, jaketi za kuokolea, plagi za akiba na spana yake, na umwambie mtu aliyebaki pwani saa utakayorudi. Tembea nusu saa kwa mwendo wa kawaida huku ukiutazama mkojo wa injini kila baada ya muda. Ukipungua au ukitoka kama mvuke, zima kabla rangi haijaanza kunuka.

Ukirudi, iendeshe injini kwenye pipa la maji baridi kwa dakika kumi, kisha chomoa mpira wa mafuta na uiache iendelee mpaka izime yenyewe, ili kabureta ibaki tupu. Kama hutarudi baharini kwa zaidi ya mwezi, tia kijiko cha oili katika kila tundu la plagi, vuta kamba taratibu mara tatu, rudisha plagi, na uisimamishe injini wima maji yote yatoke, huku kile kitundu cha nyuma ukiwa umekifunika kwa kipande cha kitambaa kilichofungwa kwa uzi, kwa sababu ya nyigu.